Tusiwaite Wazee kwa Jina la Udhaifu

Wiki iliyopita mama yangu, ambaye ana miaka 74, alinionyesha karatasi aliyopewa katika kituo kimoja cha afya hapa Nairobi, kisha akaikunja mara nne na kuiweka chini ya kopo la majani ya chai. Ilimwalika kwenye mazoezi ya "wazee walio katika hatari ya kuanguka." "Mimi si mtu wa kuanguka," akasema. Mwezi mmoja kabla ya hapo aliteleza bafuni na hakumwambia mtu. Nilijua tu nilipoona mkono wake umevilia damu.

Karatasi ile iliniudhi kuliko ukaidi wake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, wengi wao wakiwa wamepita miaka 60, kwa hiyo anayewaita wazee mazoezini anafanya kazi ya maana sana. Lakini ukianza kwa kumweleza mama aliyeuza nguo Gikomba kwa miaka 30 kwamba amedhoofika, umemfungia mlango kabla hajaufikia. Hakatai mazoezi. Anakataa jina analobandikwa, kwa sababu anajua kwamba sisi watoto tukishasikia neno kuanguka tutamkataza kupanda matatu peke yake, kisha kwenda sokoni, na mwishowe tutamwamulia hata mahali pa kuishi.

Katika mtaa wa mabanda wa Korogocho, hapa Nairobi, wako akina nyanya waliojifunza kupigana ili wajilinde dhidi ya wabakaji. Waliitwa waje wapate nguvu, nao wakaja. Kuinuka kitini bila kujishikilia, au kusimama kwa mguu mmoja kando ya meza, ni nguvu ya namna hiyo hiyo: ndiyo inayomshusha mtu salama kwenye matatu ambayo haijasimama sawasawa. Mpango wa mazoezi wa Otago, wa New Zealand, ambao wazee huufanyia nyumbani mwao, ulipunguza kuanguka kwa takriban thuluthi moja.

Nakubali kwamba mazoezi pekee hayatoshi, kwani macho lazima yapimwe na dawa zinazoleta kizunguzungu zichunguzwe.

Jumamosi sikumwambia mama aende. Nilimwomba twende wote, na nikamwahidi kwamba kila zoezi atakalofanya nitalifanya kando yake. Amekubali kwa siku moja, kwa sharti kwamba jirani yetu wa mlango wa pili aje pia.