Sikufumaniwa, Nilifungiwa Nje na Upepo

Wadau, lile simulizi mlilosoma kwenye grupu la harusi limeandikwa na bwana harusi mwenyewe, na huyo alifika mambo yameshakwisha. Alikuta watu wameshika mbavu, akaandika: "Mwalimu kafumaniwa barazani na taulo." Sikufumaniwa. Ningefumaniwa na nani, kwa kipato hiki?

Kilichoniponza ni mdomo. Ijumaa jioni mama mwenye nyumba alilalamika kuwa milango ya ghorofa ya tatu inajipiga yenyewe, akataka aitwe shehe aje asome dua. Mimi na fizikia yangu ya tuisheni nikaona hapa ndipo pa kung'arisha jina. Nikamwambia, mama, hakuna jini, huo ni upepo wa kaskazi. Unatoka baharini unagonga dirisha, presha inapanda mle ndani. Upepo unaozunguka kona ya jengo nao unabanwa, unaongeza kasi, na hewa ikiongeza kasi namna hiyo presha yake inashuka. Ndani kunasukuma, barazani kunavuta, mlango uko katikati. Nikamtolea mifano: turubai la bajaji linavyotuna kwa nje ikikolea mwendo, dera lake linavyopepesuka basi la mwendokasi likipita karibu naye Barabara ya Morogoro. Nikamalizia na Daniel Bernoulli, mwanasayansi aliyeichapisha kanuni hiyo mwaka 1738, utadhani tulikaa dawati moja.

"Presha ninayo mimi, Mwalimu," akanijibu. "Mlango hauna moyo."

Jumamosi kikao cha kamati ya harusi saa nne, kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mwenye viti sita (nilivyovipata tuyaache). Saa tatu na nusu natoka kuoga. Joto la Februari mnalijua, madirisha yote wazi. Nikakumbuka ndoo yangu niliiacha barazani. Taulo kiunoni, nikatoka, nikainama kuiokota.

Hapa tutulie kidogo.

Nikiwa nimeinama hivyo, nikaliona pazia la sebuleni linajaa kama tanga la dau. Nikajua. Wallahi nilijua kinachofuata, hata kanuni yake niliiona imeandikwa ubaoni. Ila kujua kanuni hakumpi mtu mbio. Mlango: PAAA! Kisha kitasa, kile cha kujifunga chenyewe, kikafanya "klik" ya upole kabisa, kama kinaniomba radhi. Funguo mezani. Simu mezani. Nikasema ngoja niondoke hapa nikatafute msaada, nikapiga hatua moja, taulo likagoma. Pindo limebaki ndani.

Nikavuta taratibu. Halitoki. Nikavuta kwa hasira. Taulo lenyewe mtumba wa Karume, nililinunua nikijisifu kuwa zito, halichaniki. Kweli halichaniki.

Nilipata muda hata wa kupiga hesabu. Mlango wa mita 2 kwa sentimita 80, upepo tuseme wa kilomita 32 kwa saa, inakuja nguvu ya kama uzito wa kilo 8. Kilo 8 tu, jamani! Ndoo yangu ikijaa maji ni lita 20. Ningeiegesha mlangoni badala ya kuifuata nje, leo mngekuwa mnaongelea mambo ya maana.

Mara nikasikia ngazi. Ko. Ko. Ko. Viatu vya kisigino. Katika kamati nzima anayewahi ni mweka hazina peke yake, na mweka hazina ndiye ambaye tangu kikao cha pili nimekuwa nikijitolea kumsindikiza kituoni (hilo lilikuwa siri, sasa basi tena). Kuliacha taulo nikimbie? Kwenda wapi? Nikaamua kuegemea mlango, mkono mmoja kwenye fremu, ndoo nimeikumbatia kwa mbele, sura ya mtu anayepunga upepo wake bila shida na mtu.

Akatokea. Akatazama taulo. Akalifuata taulo kwa macho mpaka lilipoingia mlangoni. Akatazama ndoo.

"Mwenyekiti, leo kikao ni hapa nje?"

"Karibu," nikasema.

Karibu! Nilikuwa namkaribisha wapi?

Basi wakaja wengine, wakajaa baraza, mmoja akakimbia kumwita mama mwenye nyumba mwenye funguo za akiba. Akapanda ngazi moja moja na magoti yake, akafika, akajifunga kanga vizuri, funguo mkononi, asifungue.

"Banuli kaja?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akafungua, nikaingia kinyumenyume. Kikao kikafanyika, bajeti ikapita bila ubishi, mweka hazina akasindikizwa na mtu wa vinywaji.

Sasa mlangoni kwangu kuna tofali. Alilileta mama mwenye nyumba mwenyewe, na kila akipita ananiuliza kama presha imeshuka.