Uzingativu wa kila siku unasaidia, ila tusiubebeshe mzigo usio wake

Siku hizi ukigusa tu habari za msongo wa mawazo lazima atokee mtu akwambie fanya uzingativu, ile wengi wanaiita maindifulnesi, vuta pumzi, tulia na hiyo pumzi, utakuwa sawa. Halafu kuna wengine hawataki hata kuisikia, kwao ni biashara tu ya kuuza utulivu. Mimi naona wanabishana juu ya vitu viwili wakidhani ni kimoja. Kuna mafunzo ya uzingativu ambayo ni tiba kabisa, yana mwalimu na ratiba, na kuna uzingativu wa mtu wa kawaida anayeosha vyombo vyake nyumbani. Ushahidi mwingi tunaousikia ni wa hicho cha kwanza, kinachohubiriwa kila mahali ni hicho cha pili.

Tuanze na hivyo vyombo. Mikono imo kwenye maji na povu, unasugua sufuria iliyoungua, lakini kichwa kipo kwenye mabishano ya jana kazini, unamjibu yule mtu upya, safari hii unamjibu vizuri zaidi, naye anakurudishia, hasira inapanda, mabega yameshafika karibu na masikio na wewe huna habari. Uzingativu ni pale unaposhtuka, kumbe nagombana na mtu ambaye hayupo, unashusha mabega, unarudi kwenye joto la maji na hiyo sufuria. Baada ya muda mfupi akili inaondoka tena, unairudisha tena. Kazi yote ndiyo hiyo, na wengi wanakata tamaa hapo hapo kwa sababu waliambiwa au walijiambia kwamba mawazo yanatakiwa yakome, wakati kule kushtuka ndio zoezi lenyewe.

Je, kuna faida? Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard walichapisha utafiti ambao watu 2,250 walikuwa wanaulizwa kwenye simu, muda wowote tu, unafanya nini, unawaza nini, unajisikiaje. Asilimia 46.9 ya majibu, akili ya mtu ilikuwa haipo kwenye anachokifanya, na kwa ujumla hapo watu walijisikia vibaya zaidi. Takwimu hiyo inapendwa sana na wanaotetea uzingativu, sawa, ila nusu yake nyingine huwa haisemwi, kwamba akili iliyokwenda kuwaza mambo mazuri haikuwa na hali mbaya kuliko ile iliyotulia kwenye kazi. Shida ilikuwa kuzurura kwenye mawazo mabaya na yale yasiyo mazuri wala mabaya. Kwa hiyo mtu anayetembea huku akipanga kesho yake, au akimkumbuka mtu anayempenda, mwacheni, hana ugonjwa wowote.

Kwenye tiba hali ni ya kutia moyo kweli. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, kwenye shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Marekani, alichukua mazoezi yenye asili ya Kibudha akayatoa kwenye mazingira ya dini akawapa wagonjwa wenye maumivu sugu. Mafunzo yake ni wiki 8, karibu saa mbili na nusu kwa wiki darasani, na nyumbani kama dakika 45 karibu kila siku. Baadaye ikatengenezwa aina ya kuzuia sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, isijirudie, na mwaka 2015 jarida la kitabibu la Lancet lilitoa utafiti wa watu 424 waliofuatiliwa miezi 24, waliopata mafunzo hayo wakisaidiwa kupunguza dawa zao za sonona walirudiwa na sonona asilimia 44, waliobaki na dawa asilimia 47, yaani karibu sawa. Mtu aliyewahi kuzama kwenye sonona anajua uzito wa matokeo hayo. Ila ona walichofanya, wiki 8, mwalimu, dakika 45, na kwenye dawa waliongozwa, hawakuziacha wenyewe. Hizo sio dakika tatu kwenye apu wakati unasubiri lifti, na mtu asije akaacha dawa zake kwa sababu ya apu.

Tena mwaka 2014 uchambuzi wa majaribio 47 yenye washiriki 3,515 ulikuta kutafakari, yaani mazoezi ya kutuliza akili kama huu uzingativu, kunasaidia kiasi kwenye wasiwasi, sonona na maumivu, lakini haukuona kwamba kunashinda dawa, mazoezi ya mwili au tiba nyingine. Mimi naliona hilo kuwa habari njema, kama kukaa kimya kunakutesa na kukimbia kunakutuliza, basi kimbia.

Mashuleni wamejaribu pia, Uingereza, wanafunzi zaidi ya 8,000, matokeo yakatoka 2022, hakuna tofauti ya maana na waliofundishwa kwa utaratibu wa kawaida, na wengi hawakuwa wanafanya mazoezi nyumbani.

Kazini ndio pananiuma zaidi. William Fleming wa Oxford aliangalia taarifa za wafanyakazi 46,336 wa Uingereza, akachapisha 2024, waliotumia huduma kama hizi za uzingativu na apu za utulivu hawakuwa na hali bora kuliko wenzao ambao hawakuzitumia. Na mtu ukiwaza utaona kwa nini. Mfanyakazi anafanya kazi ya watu wawili, meseji za bosi zinaingia saa nne usiku, halafu anapewa semina ya kupumua, ujumbe anaoupokea ni kwamba kasoro iko ndani yake, hajajua tu kutulia. Hapo watu wanaopinga wana haki kabisa na siwezi kuwabishia. Lakini sikubali uzingativu wenyewe uhukumiwe kwa hilo, maana ukiufanya kwa uaminifu hauwezi kukuacha ukiwa mpole tu. Mtu anayezingatia ataanza kugundua kwamba kila jina la bosi likitokea kwenye simu tumbo linamkaza, kwamba usingizi unapotea siku zile zile za ripoti. Hiyo ni taarifa. Inamwambia kuna jambo la kwenda kuongea, saa za kudai, au kazi ya kuacha, na pumzi nzito haziwezi kuifanya hiyo kazi kwa niaba yake.

Kuna jambo moja wanaoupenda uzingativu wanalipita haraka mno. Sio kila mtu akifumba macho anakuta utulivu. Wapo, hasa waliopitia mambo ya kutisha, wanaofumba macho na kukuta lile tukio linawasubiri, moyo unakwenda mbio, au wanahisi kama wametoka nje ya mwili wao, na watafiti wamerekodi madhara ya aina hiyo kwa sehemu ya watu wanaotafakari. Mtu wa hivyo hana haja ya kung'ang'ania pumzi. Anaweza kufungua macho, akasikiliza sauti zilizomzunguka, akasikia nyayo zake zinavyogusa sakafu, akafanya kwa muda mfupi, na akiona hali inazidi aache siku hiyo hiyo aongee na mtaalamu wa afya ya akili. Mwalimu wa uzingativu akikwambia hayo ni maumivu ya kukua uvumilie tu, usiendelee naye.