Tupime Sonona kwa Dodoso au kwa Mazungumzo?

Niliwahi kuzunguka na dodoso kwa wachuma chai wa Mufindi, nikiwasaidia watafiti waliotaka kujua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, imeenea kiasi gani. Dodoso hilo, PHQ-9, linatumika nchi nyingi: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 3. Anayefikisha 10 kati ya 27 huhesabiwa kuwa anastahili kuchunguzwa zaidi.

Mama mmoja nilimkuta ndiyo kwanza ametua kapu, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai. “Kamwene, mama.” Tukaketi, nikamsomea swali la uchovu. Akanitazama. “Mwanangu, nimeinama shambani tangu alfajiri, nitaachaje kuchoka?” Nikajaza 3. Jibu la kweli kabisa, lakini nilikuwa nimepima sonona au kazi ya chai?

Wachumaji wenyewe wanalijua jambo hili vizuri. Mizani inayopunja nusu kilo kila siku haibadiliki, ila haisemi kweli. Dodoso nalo laweza kutoa majibu yaleyale kila mara na bado likapima kitu kingine.

Hata hivyo, siwezi kulitupa. Mazungumzo na watu kumi hutegemea mno sikio la anayeuliza, na hayawezi kulinganisha Mufindi na Rungwe, wilaya nyingine ya chai. Tena saikolojia imeshaumwa: mwaka 2015 watafiti walirudia tafiti 100, na takriban 36 tu kati yake ndizo zilizotoa tena matokeo ya kuaminika kitakwimu. Bila kipimo kimoja kinachojulikana, hata kurudia huko kusingewezekana.

Mama yule, nilipofunga karatasi, ndipo alipoanza kusema. Hali yake aliiita “mawazo”, yanamjia usiku, yanazunguka kichwani mpaka jogoo wa kwanza. Neno hilo huku kila mtu analo. Katika maswali yangu 9 halikuwemo.

Kwa hiyo naegemea upande wa kuanza na mazungumzo, kwa Kiswahili na Kihehe, ndipo dodoso litungwe au lirekebishwe, kisha baadhi ya waliojibu wapimwe na daktari wa akili tuone kama alama zinaoana na hali zao. Ni gharama, najua.

Na mtendaji wa kijiji asiwepo. Siku ile alisimama hatua tatu kutoka tulipoketi, nami nikafika swali la 9, linalouliza kama mtu amewaza kuwa heri afe. Mama alimtazama yeye kwanza, kisha akasema hapana.