Matampi hakubebwa na mtu

Kila msimu ukiisha inazuka orodha ya mapro bora waliowahi kutua Bongo, na kila mwaka orodha hiyo ni Kariakoo tupu, yaani Simba na Yanga. Straika huyu, kiungo yule, winga wa chenga, halafu mwishoni wanamchomeka Djigui Diarra, kipa wa Yanga, ili ionekane na makipa wamekumbukwa. Sisi wa Tanga kusahauliwa tumezoea. Kinachokera ni jibu linalokuja pale mtu anapothubutu kulitaja jina la Ley Matampi, kipa Mkongo aliyedakia Coastal Union yetu ya Tanga: "Aah, yule alibebwa na mabeki. Coastal si walikuwa wanapaki basi?"

Haya, mgosi, kaa kitako tulimalize.

Msimu wa 2023/24 ligi ilikuwa ya mechi 30. Matampi alifunga hesabu na klinshiti 15, yaani mechi bila kuruhusu bao, Diarra 14. Coastal Union ikashika nafasi ya nne nyuma ya Yanga, Azam na Simba, ikakata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Hii ni klabu ambayo ubingwa wa ligi iliuchukua 1988 na tangu hapo tunaishi kwa kuusimulia. Sasa pima mwenyewe: kipa wa timu inayokaa na mpira mechi nzima kazidiwa na kipa wa timu inayoshambuliwa. Kama kupaki basi, kule kujazana wote nyuma kulinda goli, kungekuwa kunatoa klinshiti 15, basi nusu ya ligi yetu ingekuwa na makipa bora, maana mabasi yanayopakiwa kila wikiendi tunayaona.

Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba ukuta wa mbele yake haukuwa wa makuti. Tanga mabeki wa kati tunawatoa: Bakari Mwamnyeto alikwenda Yanga 2020, Ibrahim Ame akaenda Simba mwaka huohuo, na Lameck Lawi aligombewa mpaka nchi nzima ikawa inajadili mkataba wake. Lakini mabeki wazuri tulikuwa nao hata kabla. Na mabao tumewahi kuyapata: fainali ya Kombe la Shirikisho la nyumbani 2022 pale Arusha, Abdul Suleiman Sopu aliitungua Yanga mabao matatu peke yake, mchezo ukaisha 3-3, tukatolewa kwa penalti 4-1. Mtu kafunga hat-trick kwenye fainali na kombe hakuligusa.

Tatizo la wanaosema Matampi alibebwa ni kwamba wanaanza kumtazama kipa mpira ukishapigwa. Hapo wamechelewa. Kazi ya kipa wa aina yake inaisha kabla ya shuti, na ndiyo maana kwenye vipande vya video hana maajabu mengi. Kipa anayeruka kila dakika mara nyingi anasahihisha makosa yake mwenyewe ya kusimama pasipofaa.

Chukua hesabu hii. Lango lina upana wa mita 7.32. Straika kasimama katikati, kwenye mstari wa kumi na nane, mita 16.5 kutoka golini. Kipa akiganda kwenye mstari wake, analinda mita zote 7.32. Akitoka mita 3, upana unaopita pale aliposimama unabaki kama mita 6. Akitoka mita 5, unabaki mita 5 na kidogo. Mabao mengi yanayoingia kando ya nguzo yanapita kwenye nafasi hiyo ndogo ambayo hatua tatu zingeiziba. Ni pembetatu za shule ya msingi, hakuna kingine, ingawa najua timu ngeni ikishindwa kufunga Mkwakwani, uwanja wetu, lazima asingiziwe mganga.

Lakini kutoka nako kuna bei yake. Kila hatua ya mbele inafungua njia ya juu, na mpigaji mwenye akili atambetulia kanzu. Kwa hiyo kipa anasoma kichwa cha straika: macho yakiwa chini kwenye mpira, sogea, akiinua uso, simama. Matampi anasogea wakati mpira uko njiani kati ya pasi na pasi, na mguu wa mpigaji ukirudi nyuma yeye ameshatulia, miguu yote miwili iko chini, magoti yamelegea, mikono iko usawa wa kiuno. Kutulia huko ndiko kunakowashinda vijana wetu wengi. Shuti la kilomita 90 kwa saa ni mita 25 kwa sekunde. Kutoka mita 20 linafika kwa sekunde 0.8, na karibu robo ya sekunde inakwenda na jicho na ubongo kabla msuli haujaanza kusukuma. Kipa anayenaswa katikati ya hatua, mguu mmoja hewani, inabidi kwanza atue ndipo aruke. Mpaka amalize, watu wanashangilia. Halafu tunasema "shuti kali lile, hakuna kipa angedaka."

Hili linafundishika bila fedha nyingi. Tanga hii hatukosi kamba ya katani. Funga kamba mbili za mita 20, moja kila nguzo, kwa urefu wa kiuno, zikutanishe mahali mpira ulipo. Kipa asimame katikati ya kamba hizo mbili, si katikati ya goli. Hapo ndipo mtoto anashangaa: mpira ukiwa pembeni, katikati ya kamba na katikati ya goli ni sehemu mbili tofauti kabisa. Sogeza mpira mita tano kulia, ajipange upya. Sogeza tena. Dakika kumi na tano mara mbili kwa wiki, kisha toa kamba uone kama bado anajua alipo. Kosa utakaloliona kwanza ni kwamba anasogea pembeni bila kusogea mbele, anatembea kama kaa kwenye mstari. La pili, anaegemea nguzo ya karibu mpaka ya mbali inabaki uwanja wa mnada.

Krosi ndizo zinazonifanya nimheshimu kabisa. Kipindi cha kaskazi mechi ya saa kumi jioni ina upepo, na mpira wa juu haushuki pale ulipokuwa unaelekea. Ama unabaki hewani, ama unakatika ghafla. Kipa asiyeujua upepo anatoka mapema, anafika, mpira haupo. Dawa yake ni kuchelewa kuanza na kuwahi kufika: asimame kwenye theluthi ya goli iliyo mbali na mpiga krosi, mwili umefunguka kuelekea uwanjani ili aone mpira na waliomo ndani, asubiri mpaka ajue unaangukia wapi, kisha atoke kwa nguvu, goti moja juu la kujilinda, aushike mpira ukiwa juu kabisa mbele ya uso. Kutoka mbele ni rahisi. Kurudi kinyumenyume ndiko kunakoua. Akiona hafiki, abaki kwenye mstari na apige kelele ya kubaki. Wanaofungwa ni wale wanaotoka nusu.

Masika yakiingia mambo yanageuka tena. Mpira uliolowa ni sabuni. Kwenye msongamano ni ngumi mbili, kuelekea pembeni na juu, kamwe si katikati kwa kiungo aliyesimama nje ya boksi akisubiri. Shuti la chini lililodunda mbele ya kipa kwenye nyasi zilizolowa haliongezeki kasi kama watu wanavyodhani, ila linateleza chini badala ya kuinuka. Ukiliwekea mikono ya kudakia tumboni, linapita chini ya kwapa. Weka mwili wote nyuma yake, au lisukume kona na maisha yaendelee. Sijawahi kuona kona imepewa alama tatu.

Na glovu, jamani. Nusu ya makosa tunayoyaita "kipa kateleza mikono" ni glovu zilizokufa. Ile sponji ya kiganjani inashika ikiwa na unyevu kidogo. Ikikauka kabisa inakuwa kama karatasi. Lowesha kidogo kabla ya mechi. Baada ya mechi osha kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni ya unga, kamua kwa kubana, usisokote, anika kivulini. Wengi wanaanika juani kwenye ukuta pamoja na jezi, na jua la Tanga likishirikiana na chumvi ya jasho, wiki tatu tu sponji inamenyeka kama ukoko.

Sauti nayo. Kipa anayeongea vizuri anazuia mashuti ambayo hayatahesabiwa popote. Hapa ndipo watu wanapouliza, mgeni kutoka Kongo atawapangaje mabeki wa Kitanga? Anahitaji maneno yasiyofika kumi: toka, wangu, kulia, kushoto, nyuma yako, una muda. Yaseme mapema na kwa sauti moja ileile, beki atakuelewa hata kwenye kelele za Mkwakwani. Tazama faulo ya mita 20 katikati ya goli: watu wanne au watano ukutani, wa pembeni kabisa kavuka kidogo mstari wa nguzo kwa nje, kipa yuko upande ulio wazi lakini anauona mpira. Ukuta ukipangwa na manahodha watatu wakibishana huku kipa ameshika nguzo anachungulia, ujue mpira unaingia.

Uzoefu wenyewe haukuanzia hapa. Februari 2016 pale Kigali alikuwa golini Kongo (DRC) ilipotwaa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani kwao. Nusu fainali walipita mbele ya Guinea kwa penalti 5-4, fainali wakaichapa Mali 3-0, na kwenye kikosi hicho cha Mali alikuwamo Diarra huyuhuyu tunayeambiwa halinganishwi na mtu. Kwa miguu, sawa, Diarra ni mwalimu. Pasi zake za kuanzisha mashambulizi Matampi hana, na mipira yake mirefu mingine ilikuwa zawadi kwa wapinzani. Umri nao umekwenda. Sasa hayo yanafuta klinshiti 15?

Ya Angola kwenye lile Kombe la Shirikisho Afrika msinikumbushe. Bravos do Maquis walitutoa kwa jumla ya 3-0, tatu zote kwao, nyumbani sare tasa. Basi.

Kuna wanaosema makipa wa kigeni wanawaziba wazawa. Hoja ina uzito, siidharau. Msimu ule Yanga golini mgeni, Simba mgeni, na Taifa Stars inahitaji kipa anayecheza kila wiki. Lakini kanuni msimu ule iliruhusu wageni 12, na hasira yote inamwangukia anayefanya kazi yake, huku mawinga wa kigeni waliokuja kupiga picha na jezi na kuondoka dirisha dogo la usajili hawaulizwi. Kijana anayekaa benchi nyuma ya kipa kama Matampi na akatoka bila kujifunza kujipanga, hakuzibwa. Alilala darasani.

Uongozi nao una lake. Tulimsajili Alikiba 2018, magazeti yakajaa. Kipa anapotuletea tuzo ya kipa bora, siku mbili tu, tumeshahamia habari nyingine. Mgeni hakai kwa kushangiliwa. Kwa kanuni za FIFA, klabu ikidaiwa na mchezaji mishahara ya miezi miwili, anaitaka kwa maandishi ilipe ndani ya siku 15, ikishindwa anavunja mkataba na kudai fidia, na mlango wa kesi yake ni FIFA, si ofisi ya jirani ambako mtabembelezana. Klabu ikishindwa kulipa baada ya hukumu inafungiwa kusajili, wazawa na wageni wote, hata madirisha matatu mfululizo. Wangapi kwenye ligi yetu wamefungiwa kwa deni ambalo lingelipwa kwa mapato ya mechi moja na Simba?

Kwa hiyo anayetaka kipa mwingine wa aina hiyo Tanga, aanze na mshahara unaoingia tarehe iliyoandikwa. Halafu kocha wa makipa wa kudumu, si beki mstaafu aliyepewa filimbi. Halafu glovu jozi tatu kwa nusu msimu, moja ya mazoezi, moja ya mechi, moja ya mvua, na zinunuliwe na klabu. Au hilo nalo mpaka tuitishe mkutano mkuu?