Fedha za kansa ya titi Bukavu: kampeni au maabara?

Shirika linalochanga fedha dhidi ya kansa ya titi hubanwa kati ya mambo mawili: kuhamasisha watu au kugharimia utafiti. Kwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tunaona fedha za kwanza ziende kwenye baiopsi, yaani kutoa kipande cha uvimbe na kukipima maabara, kwa sababu pande zote mbili zinaitegemea.

Hoja ya kampeni ni nzito. Akina mama wengi kutoka maeneo jirani ya Kalehe au Walungu hufika hospitali uvimbe ukiwa umeshatoboa ngozi, baada ya miezi ya mitishamba na maombi. Mpango wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka zaidi ya asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe katika hatua ya 1 au ya 2. Bila redio, makanisa na mareko (wahamasishaji wa afya) wa mitaani, hatufiki huko.

Lakini si kila kampeni huokoa. Huko Shanghai, katika utafiti wa wanawake zaidi ya 260,000, kufundishwa kujipima titi hakukupunguza vifo. Kuliongeza tu baiopsi za uvimbe usio wa kansa. Huko Mumbai, wahudumu waliofunzwa waliwapima wanawake kwa mikono kila baada ya miaka 2. Matokeo ya 2021: vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30, ila kwa wenye miaka 50 na zaidi. Wagonjwa wengi wa Afrika hawajafikia umri huo, na hapo ndipo utafiti wa kwetu unapohitajika.

Utafiti huo unaanzia kwenye chupa. Kipande kilichotolewa kwa sindano nene kiingie mara moja katika fomalini, dawa ya kuhifadhi vipande vya mwili, ya asilimia 10, yenye ujazo mara 10 ya kipande. Maji ya chumvi hayafai. Jina liandikwe kwenye chupa yenyewe, maana vifuniko hubadilishana. Kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kikichelewa kuingia, au muda ukikosewa, kipimo cha vipokezi vya homoni (sehemu za seli ya kansa zinazopokea homoni) kinaweza kusema havipo ilhali vipo. Mama huyo atanyimwa tamoksifeni, dawa ya kansa yenye vipokezi hivyo, kidonge cha bei nafuu cha miligramu 20 kwa siku, kinachomezwa angalau miaka 5. Ni hasara mbaya kuliko zote, kwani hakuna anayeiona.

Kipande kikipelekwa maabara ya mbali, barabara na mipaka yetu haziheshimu saa 72. Kwa hiyo kipande kifungiwe ndani ya nta ya parafini hapahapa mjini. Kikiwa hivyo, kinaweza kungoja safari kwa wiki kadhaa bila kuharibika.

Fulana za waridi na maandamano ya Oktoba vifuate baadaye, kwanza katika mitaa ambayo mama mwenye uvimbe anaweza kupata baiopsi wiki hiyohiyo. Na vipande vikihifadhiwa kwa utafiti, mama aelezwe kwa Kiswahili au Mashi, lugha ya huku, akubali kwa hiari, na majibu yamfikie yeye kabla ya mtafiti.