Kulia kwa Nani?

Trafiki alinisimamisha Ubungo saa mbili usiku, akapita mbele ya gari, akarudi dirishani anacheka.

"Mzee, gari lako linakonyeza watu."

Taa ya kulia ilikuwa imekufa. Akanisamehe ile faini ya elfu thelathini, ila kwa masharti: asinione tena nikiwa chongo.

Balbu nikanunua Kariakoo, ya halojeni, aina ya H4, wati 60/55. Ya kwenda gereji nikaikataa katakata. Mwanamume mzima nipange foleni kwa ajili ya balbu? Marehemu baba alikuwa na Land Rover 109. Taa ikiungua alishika bisibisi, sigara iko mdomoni, na kabla majivu hayajadondoka taa inawaka. Gari lile ukifungua boneti, mtu angeweza kuingia mle akakaa na kumenya viazi.

Langu nimeliagiza Japani, limekuja na kila kitu chake, pamoja na mwanamke wa ndani ya redio. Kila ukiwasha anakukumbusha kwa Kijapani kwamba hujachomeka kadi ya ETC, ile ya kulipia barabara za kwao. Binti yangu Neema humjibu kila asubuhi: "Shikamoo, shangazi."

Basi, Jumamosi nikafungua boneti. Nikakuta mfuniko wa plastiki. Nikautoa, chini yake kuna mfuniko mwingine. Kijana mmoja wa YouTube akasema kazi ni nyepesi, anza tu kwa kufungua bampa. Bampa! Yaani unamvua mtu suruali ili umtoe kibanzi cha jichoni.

Nikaamua kupita njia ya panya: nitoe betri, mkono upate pa kupenya. Spana namba 10 nikaazima kwa jirani, maana kwangu zipo 8, 9, 11 na 12, hiyo 10 sijui huwa inahamia wapi. Betri ikatoka. Mkono ukaingia, tena vizuri sana. Kutoka ndiko ulikogoma. Pete ya ndoa ilikuwa imenasa kwenye klipu ya nyaya, na kila nikivuta, klipu nayo inang'ang'ania kama imelipa mahari.

Mama mkwe alikuwa barazani anachambua mchele. Nikajifanya nakagua injini kwa makini. Dakika ishirini nimeinama vilevile, nikijikohoza mara mojamoja ili nionekane mzima. Mwishowe akamwita mke wangu.

"Mwanangu, kwani gari limemng'ata?"

Mke wangu akaja na chupa ya mafuta ya kupikia, akanimiminia kuanzia kwenye kiwiko. Mkono ukateleza ukatoka, unanukia chapati.

"Baba Neema, sasa si umwite fundi?"

Na hapo ndipo nikakumbuka kwamba balbu ya halojeni haishikwi kioo kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi yakipata ule moto balbu huungua mapema. Mafuta ya ngozi tu. Mimi nilikuwa na robo lita ya alizeti. Ikabidi nivue pete, nijifute, niishike kwa kitambaa cha miwani, halafu nirudi mle shimoni nikipapasa kama mkunga. Saa kumi jioni ikaingia. Nikarudisha betri, nikawasha taa, nikakimbilia mbele kuangalia.

Ya kushoto inawaka, safi kabisa. Ya kulia giza.

Kumbe muda wote nilikuwa nimesimama nikitazamana na gari uso kwa uso, na kulia kwangu ni kushoto kwake. Nilikuwa nimelitoboa jicho zima, nikalipachika jingine.

Fundi alikuja kijana mdogo hata ndevu hana. Hakugusa boneti. Alikata usukani, akaingiza mkono kwenye madigadi nyuma ya tairi, akafungua kimfuniko kidogo ambacho nilidhani ni urembo. Ile balbu nzima niliyokuwa nimeitupa kwenye ndoo akaifuta kwa spiriti, akaichomeka. Dakika tano, elfu tano. Mama mkwe akamkaribisha chai.

Jumatatu asubuhi nikawasha gari tunaenda shule. Redio kimya. Kwenye skrini kuna mistari mitatu ya Kijapani na nafasi ya kuingiza namba za siri, kwa sababu niliitolea betri ikadhani imeibwa.

Neema akasubiri, akasubiri. Kisha akanigeukia.

"Baba, shangazi umemfanya nini?"