Besi ya Kwanza Haichaguliwi kwa Rangi, Jamani

Jaribu kusema mbele ya watu kwamba unatafuta gitaa la besi la kuanzia, tena la bei ya mtu wa kawaida, uone. Hata yule ambaye uzi pekee aliowahi kuukaza ni kamba ya kuanikia nguo atakupa ushauri. "Chukua la nyuzi tano, la nne limepitwa na wakati." Wakati gani huo? Mmarekani aitwaye Leo Fender alitoa gitaa lake la besi, Precision Bass, mwaka 1951 likiwa na nyuzi nne, kuanzia ule mnene: E, A, D na G, na mpaka leo wapigaji wanazeeka nazo. Uzi wa tano, ile B ya chini, unatetemeka kama mara 31 kwa sekunde. Kispika chako cha inchi nane kitahema tu, sauti yenyewe huisikii. Na shingo inakuwa pana, wakati kidole gumba cha mwanafunzi hakijajua hata pa kukaa. Nne zinatosha!

Ukifika dukani, swali la kwanza la muuzaji: "Unapenda rangi gani?" Rangi! Kwani unanunua kitenge? La pili anakuonyesha jina la Fender kichwani kwa bei ambayo hata kipochi cha Fender hukipati, na anaapa ni orijino. Fender wenyewe wana jina lao la bei nafuu, linaitwa Squier, na hawana haya nalo. Yamaha wana TRBX174, Ibanez wana GSR200, zote zimetengenezwa kwa ajili ya anayeanza. Sasa jina la bandia la nini?

Kitu cha kukagua ni shingo, na shingo ndiyo hakuna anayeiangalia. Weka jicho upande wa mwili, utazame kuelekea kichwani kama unayelenga shabaha. Ukiona imejipinda, upande mmoja umeinuka kuliko mwingine, rudisha ukutani usibishane. Hiyo haina dawa ya bei rahisi.

Ikiwa haijapinda, bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo), na kwa mkono wa pili uubonyeze kwenye freti ya mwisho. Angalia freti ya 7 au ya 8. Kati ya uzi na freti pawe na upenyo kama wa milimita 0.3, kadi nyembamba ya mwaliko wa harusi ipite kwa shida. Upenyo ukiwa mkubwa, shingo imeinama mbele, nyuzi zitakuwa juu na vidole vitalia. Usipokuwepo kabisa, imeinama nyuma, na freti za mwanzo zitakoroma. Ndani ya shingo kuna chuma cha kuinyoosha: ukikizungusha kwa mwendo wa saa kinakaza, kinyume chake kinalegeza. Robo mzunguko kwa mara moja, basi! Tyuni tena, subiri kidogo, ndiyo upime. Kuna mabingwa wanaokikaza kama tairi la lori, kikikatika wanasema besi ilikuwa mbovu. Na kama nati yake haizunguki, au imeshakazwa mpaka mwisho na shingo bado imeinama, mwachie muuzaji mali yake.

Sasa pima freti ya 12. Uzi wa E uwe juu ya freti kama milimita 2.5, wa G kama 2. Zikifika 4, muuzaji atakwambia "utazoea". Hutazoea, utaacha. Hapohapo gusa uzi wa E juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upige ile sauti ya kengele, kisha uubonyeze upige tena, simu yako ikiwa na programu ya kutyuni. Sauti mbili zilingane. Ya kubonyeza ikiwa juu, kile kikalio cha uzi kwenye daraja, pale nyuzi zinapokaa mwilini, kirudishwe nyuma, mbali na shingo; ikiwa chini, kisogezwe mbele. Fanya hivyo kwa nyuzi zote. Kikalio kikifika mwisho wa skrubu na sauti bado hazijapatana, hapo pana tatizo, ingawa nyuzi kuukuu nazo hudanganya.

Vitufe vya sauti vikikwaruza, ni vumbi. Tundu la waya likicheza, mara nyingi ni nati imelegea. Hivyo si vya kukukimbiza, ni vya kushushia bei. Mtumba mzuri unapatikana kwa makosa ya namna hiyo. Freti iliyochimbika mashimo chini ya nyuzi, hiyo sasa ni kazi ya fundi na pesa zake.

Halafu vaa mkanda wa gitaa, simama, achia mikono. Kichwa cha gitaa kikiporomoka kuelekea sakafuni, mkono wa kushoto utafanya kazi mbili, kupiga na kubeba. Kwa mtoto au mwenye mikono midogo, tafuta fupi, ile ambayo uzi wake toka darajani mpaka kichwani ni inchi 30 badala ya 34.

Kuna besi nyingine zinakula betri ya volti 9. Zinaila hata wewe ukiwa umelala, mradi waya umebaki umechomekwa! Kwa anayeanza, chukua isiyo na betri upunguze madeni.

Halafu kuna watu wa sabufa. Besi inachomekwa kwenye sabufa ya sebuleni, sauti inatoka ndogo kwa sababu gitaa linatoa umeme hafifu, basi wanafungua mpaka mwisho. Uzi ukipigwa kwa nguvu, spika inachanika na tamthilia ya saa mbili haina sauti tena. Amplifaya ya gitaa la solo nayo iachwe, au ipigwe polepole sana. Bora kile kikuza sauti kidogo cha kuchomeka hedifoni. Jirani naye ni binadamu.

Na bajeti usiimalize kwenye gitaa, kuna waya, mkanda, na hizi nyuzi. Seti ya nyuzi nne za besi ni ghali kuliko sita za solo, nani alipanga hesabu hiyo? Pwani chumvi inazimaliza mapema, basi zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza. Zikififia kabisa, wapigaji wazee huzichemsha dakika kama kumi. Uchafu unatoka, mng'ao unarudi kwa muda. Zikaushe kabisa kabla ya kuzirudisha zisishike kutu. Na sufuria hiyo usiirudishe jikoni kimyakimya, mwenye jikoni atajua kwenye chai.